Sura ya Tano: Chuma cha Mzee Kingori

Saa nne kasoro robo asubuhi, Inspekta Mbaabu aliketi mbele ya kompyuta ya ushirika wa kahawa pale Wamagana, akaisubiri iongee. Alikuwa na miaka kumi na minne katika upolisi na kovu la risasi begani alilolipata Isiolo, lakini asubuhi hiyo aliweka mikono mapajani ili karani asione vidole vyake. Mbele ya risasi mtu hulala chini. Mbele ya mashine inayosemwa kuwa na mtu ndani yake, hakujua mtu hufanya nini.

Karani alikuwa Gathoni, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na katika ofisi nzima ni yeye tu aliyefundishwa kuitumia. Aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika skrini, akakikunja mara nne, akawasha. Majina ya wakulima yakajipanga toka juu hadi chini.

"Huwa inaanza saa ngapi?" Mbaabu aliuliza.

"Saa nne kamili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Kama kliniki ya watoto."

Hakuna aliyecheka. Meneja Peterson alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, tayari kwa safari yoyote.

Simu ya mezani ikalia. Peterson aliipokea, akasikiliza, akaikabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mkubwa chai. Aliyepiga alikuwa mkubwa wa Mbaabu kule Nyeri mjini.

"Mbaabu, wale watu wa usalama wa Nairobi wamenipigia wakiwa njiani, kutoka Kenol. Wanakunywa chai. Saa sita watakuwa hapo kwako."

"Afande, sijamaliza. Jana tu ndiyo nimefika hapa."

"Kumaliza nini? Mzee Kingori ako na redio, redio inaongea ndani ya kompyuta ya wananchi. Wanamchukua mzee, wanachukua redio, wanachukua karatasi zake zote. Wewe andika ripoti ya ukurasa mmoja uweke sahihi."

"Na kama mzee hana makosa?"

Ulikuwa mwaka wa 1984, Mei, na tangu ile Agosti ya mapinduzi yaliyoshindwa, swali kama hilo halikuulizwa kwa simu.

"Hiyo uandike kama uko na ushahidi," mkubwa akasema. "Kama huna, kijana, usiniletee maneno." Akakata.

Mbaabu alirudi kwenye kiti. Mtu wa mwisho kuchukuliwa na wageni wa namna hiyo kutoka vijiji vya Tetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alirudi baada ya miezi saba, na mpaka leo hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mzee Kingori alikuwa na miaka sitini na minane. Mbaabu alipiga hesabu ya miezi saba juu ya miaka hiyo.

Saa nne ikagonga.

Kwanza herufi zilitetemeka. Kisha majina yote yakapinda upande mmoja kama shati lililopigwa pasi na mlevi. Spika ndogo iliyokuwa tumboni mwa mashine ikakoroma, na mtu akaanza kuongea. Hakuongea Kiswahili, wala Kikuyu, wala Kiingereza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekabwa koo, anayejaribu kutaja jina la aliyemkaba. Inasema, inanyamaza, inasema tena.

"Ngai wakwa!" Gathoni alimwita Mungu wake, akarudi nyuma mpaka kabati likamzuia. Peterson sasa alikuwa na miguu yote miwili nje.

Mbaabu aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia. Lakini mkono wake wa kulia, uliozoea kazi kuliko kichwa, ulitoa kalamu ukaandika: saa nne na sekunde thelathini. Saa nne na dakika sita sauti ikakoma, skrini ikawa tupu, na wakulima mia nne wa Wamagana wakawa hawapo.

"Kila mara ni hivyo," Gathoni alisema huku akilia. "Naandika, inafuta. Naandika, inafuta. Watu wanasema kuna mtu alikufa akazikwa chini ya hii ofisi."

"Umeweka tarehe za siku ilizofanya hivi?"

Alikuwa ameziweka, Mungu ambariki, kwa wino mwekundu. Mashine ililetwa Januari na wafadhili. Januari, Februari, Machi, haikuwa na neno. Siku ya kwanza ya sauti ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nane Aprili.

Mbaabu aliipigia tarehe hiyo mstari mara mbili, akachukua kofia yake.

Nyumba ya mzee Kingori ilikuwa nyuma ya ofisi, hatua sitini kwa mguu wa polisi. Nyumba na ofisi zililishwa stima na nguzo moja. Kutoka dirisha la chumba cha pembeni ulitoka waya mwembamba, ukapanda juu ya mibuni iliyokauka, ukaenda kufungwa kileleni mwa mugumo mkubwa, mti mtakatifu wa Wakikuyu, mpakani mwa shamba. Mvua ya masika ilikuwa imekataa kabisa mwaka huo. Udongo ulikuwa umepasuka, na kila hatua ya Mbaabu ilitimua vumbi.

Mzee alikuwa fundi wa mitambo ya simu kabla ya kustaafu. Alikuwa amekaa mbele ya redio yake, goti bovu limenyooshwa juu ya stuli, fimbo imeegemezwa ukutani.

"Nimeongea kama ulivyoniambia jana, Inspekta," alisema. "Kawaida yangu, dakika sita. Imesikika?"

"Imesikika, mzee."

Kingori akafumba macho. "Basi ni mimi."

"Ni redio yako. Kama ni wewe, hiyo bado sijui." Mbaabu alivuta kiti. "Wanakuja saa sita. Nataka unijibu haraka na usinifiche kitu. Unaongea na nani?"

"Kuna daktari wa Bombay. Kuna mzungu wa Lusaka, ni kipofu. Kuna mwalimu wa Arusha. Wote majina yako hapa kwa daftari, na saa, na masafa. Laisensi inataka hivyo."

"Mnaongea nini?"

"Mvua. Kama imenyesha kwao. Na huyu wa Lusaka, mgongo wake."

Mbaabu alipekua daftari. Miaka sita, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwandiko ule ule, masafa yale yale, nguvu ile ile. Mvua na mgongo. Alifika tarehe kumi na sita Aprili, kisha kumi na nane, akalinganisha mistari hiyo miwili herufi kwa herufi. Haikutofautiana hata kwa nukta, isipokuwa kwamba siku ya kumi na sita kompyuta ilinyamaza na siku ya kumi na nane ikakoroma.

"Kati ya hizi siku mbili ulibadilisha nini?"

"Hakuna. Nimetafuta hata mimi. Nimefungua mtambo wote, nimekagua kila valvu. Nimepunguza nguvu. Nimezungusha waya wa stima kwa pete ya chuma, vile vitabu vinasema. Wapi! Mimi ni fundi, Inspekta, na nimeshindwa."

Macho ya Mbaabu yalikuwa yametua chini ya meza. Kulikuwa na katoni mpya huko, imefungwa kwa kamba, na jina la posta ya Kerugoya limeandikwa juu.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo si kitu."

"Mzee, nimesema usinifiche."

"Si kitu, ni ya mama."

Mbaabu alikata kamba kwa kisu cha mfukoni huku moyo ukimdunda. Alikuwa na hakika kuwa ni kifaa kipya, cha nguvu zaidi, na kwamba ripoti ya ukurasa mmoja sasa itajiandika yenyewe. Alifunua. Ndani kulikuwa na sweta nne za sufu ya manjano, kila moja ndogo kama soksi, na kofia yenye kishada.

"Za mjukuu," Kingori alisema kwa aibu. "Mke wangu Kagure alifuma akazisahau. Nilikuwa nitume na posta, lakini goti hii. Ameenda Kerugoya kumsaidia msichana wetu, Waithira. Amejifungua."

"Mama alienda lini?"

"Ile Jumatatu kabla ya Pasaka. Alinipatia chai asubuhi akaenda."

Mbaabu aliishika kofia ya mtoto, asiiweke chini. Jumatatu kabla ya Pasaka ilikuwa tarehe kumi na sita.

"Mzee, redio haikubadilika. Kompyuta haikubadilika. Katika hii boma, kilichobadilika ni mama peke yake. Nani anafanya kazi yake sasa?"

Wachuka, aliyeachiwa kazi hiyo, alikuwa nyuma ya jikoni akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa binamu wa Kagure, mjane wa miaka hamsini hivi, kilemba cheupe kimefungwa mpaka nyusi. Alipomwona Mbaabu aliweka panga chini taratibu.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana, mama. Kagure alipokwenda alikuachia kazi gani?"

"Ng'ombe wawili na kuku. Chai ya mzee bila sukari, kwa sababu ya daktari. Kufagia, lakini chumba ya redio nisiguse kitu."

"Na nini tena?"

"Ni hizo tu."

Alijibu upesi mno. Mbaabu alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, wachoma makaa na mchungaji mmoja wa kanisa, na alijua jibu linalokimbia. Alichuchumaa ili asiwe mrefu kuliko yeye.

"Mama, kuna watu wanakuja kumchukua mzee. Wakimchukua, sijui kama atarudi. Ile kitu ingine Kagure alikuambia ufanye, ni gani?"

"Siwezi kuitaja. Mimi nimeokoka."

"Itaje tu. Kuitaja si dhambi."

"Ati kila asubuhi kabla jua haijatoka, nichukue birika ya maji, nitie chumvi kijiko moja, niende nimwagie ile chuma."

"Chuma gani?"

Alielekeza kwa kidevu tu, bila kunyoosha mkono. Chini ya dirisha la redio, nusu imefunikwa na majani makavu, kulikuwa na fimbo ya chuma iliyochomoza kutoka ardhini kiasi cha shubiri moja. Waya mnene wa shaba ulitoka dirishani ukafungwa shingoni mwake.

"Nikasema, Wachuka, angalia hii vizuri," mwanamke alisema, na sasa maneno yalimwagika. "Chuma iko ndani ya udongo. Waya inaenda mpaka mugumo. Unamwaga maji chini asubuhi ukiangalia ule mlima wa Ngai. Hiyo si ni tambiko? Si ni vile wazee wa zamani walikuwa wanamwagia ngoma, mizimu yao? Mimi nilitoka huko, nilitubu mbele ya watu. Nikaona heri Kagure anikasirikie kuliko Mungu. Hayo maji nilimwagia sukuma wiki."

"Tangu siku gani?"

"Tangu asubuhi ya kwanza. Hata siku moja sijamwagia hiyo chuma."

Mbaabu alifikicha udongo kando ya chuma. Ulikuwa unga. Akainuka, akachungulia dirishani.

"Mzee! Hii chuma ya nje ni ya nini?"

Kingori akajipiga paji la uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayeua mbu.

"Ardhi," alisema. "Inspekta, mimi ni mjinga. Stima ya redio ikitoka na waya ya juu, lazima ipate ardhi ndiyo ikamilike. Ardhi ikikauka hivi, inatafuta njia ingine. Inapita na nyaya za nyumba, inafika kwa nguzo, inaingia kwa ushirika. Na ile kompyuta inainywa. Kiangazi kile cha kwanza nilimwambia Kagure amwagie maji na chumvi. Nilimwambia mara moja tu, miaka sita imepita! Hajawahi kunikumbusha, na mimi sijawahi kumuuliza. Nani anauliza bibi yake kama amemwaga maji?"

"Na Wachuka hukumuuliza?"

"Nilisahau kama hiyo kazi iko."

Saa ya Mbaabu ilisema tano na dakika kumi na tano. Wachuka alikataa kugusa birika hata alipoambiwa ni kumwokoa mzee. Alipiga magoti kando ya ng'ombe akaanza kuomba. Kwa hivyo Inspekta wa polisi alivua koti, akachukua mtungi wa maji yaliyochotwa mbali na kuletwa kwa punda, akaungua roho kuyaona yakienda, akatia chumvi yote iliyokuwa jikoni. Aliyamwaga polepole, na udongo ukayanywa kwa sauti. Alikuwa Mmethodisti wa Meru, mtoto wa shemasi, na aliona haya kujikuta anakwepa kutazama upande wa mlima, asije akaonekana anatambika. Mtungi wa pili ulipoisha, alikwangua kutu ya kijani shingoni mwa chuma kwa kisu mpaka shaba ikang'aa, akakaza waya kwa koleo.

"Sasa ongea," alimwambia Kingori kupitia dirishani. "Nguvu yote. Ongea usinyamaze mpaka nije mwenyewe nikwambie basi."

"Na hao watu wakifika nikiwa naongea?"

Lilikuwa swali la haki. Mzee kukutwa na kipaza sauti mkononi, hakuna mtu wa Nairobi angehitaji ushahidi mwingine. Lakini bila kuongea hakukuwa na jaribio, na bila jaribio hakukuwa na kitu cha kuandika.

"Mzee, mimi niko katikati yako na wao. Ongea."

Kingori aliinua kipaza sauti, akaanza kumwita kipofu wake wa Lusaka.

Katika ofisi, Gathoni alikuwa amewasha mashine na kuandika majina kumi ya mwanzo. Mbaabu alisimama nyuma yake akihema. Dakika moja. Dakika mbili. Herufi zilisimama wima. Aliinama akaweka sikio kwenye spika, akasikia mvumo mdogo wa stima tu. Kupitia dirishani aliweza kuona, hatua sitini mbali, mdomo wa mzee ukifunguka na kufungika.

"Anaongea?" Peterson alinong'ona.

"Anaongea."

"Na hakuna kitu!" Meneja aliingia ndani, kwa miguu yote miwili. "Gathoni, andika! Andika wote!"

Gathoni aliandika huku akicheka na machozi yakimtoka. Mbaabu alijiegemeza ukutani. Alitoa karatasi na kuanza ripoti yake: kwamba hitilafu ilitokana na ukavu wa ardhi, kwamba imerekebishwa mbele ya mashahidi, kwamba mwenye redio ana laisensi halali na hakukusudia ubaya wowote. Hakuwa amefika kwenye sahihi gari lilipozimwa nje.

Aliyeingia alikuwa mmoja, suti ya kahawia, uso wa upole. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata Gathoni. Wenzake wawili walibaki kwenye gari. Alisikiliza maelezo ya Mbaabu yote bila kumkatiza, akitikisa kichwa pale panapofaa, kisha akaenda dirishani.

"Yule pale ndiye mzee?"

"Ndiye, afande."

"Na anaongea sasa hivi?"

"Ndiyo, afande. Kwa nguvu yote. Na unaona mashine imetulia. Hiyo ndiyo ushahidi."

Mgeni aliinama, akasikiliza spika kwa muda. Aliponyooka alikuwa bado na uso ule ule wa upole.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Kwa hivyo, Inspekta, wiki iliyopita huyu mzee akiongea, ofisi nzima ilikuwa inajua. Leo anaongea na Mungu peke yake ndiye anajua. Nani amefanya hiyo kazi nzuri?"

Gathoni aliacha kuandika. Mbaabu alikuwa hajalifikiria jambo hilo hata kidogo.

"Afande, anaongea masafa ya wazi. Dunia nzima inaweza kumsikia. Mtu wa siri hawezi kufanya hivyo. Daftari lake..."

"Nitasoma daftari. Nimeuliza kitu kingine. Huyu mtu anachunguzwa. Nani amemwambia leo awashe redio aongee?"

Peterson alikuwa akitazama sakafu. Palikuwa na jibu jepesi, lenye maneno mawili tu, *amewasha mwenyewe*, na wote wanne chumbani walilijua. Ripoti ilikuwa bado haina sahihi. Mbaabu alifikiria watoto wake Meru, akafikiria vifungo vya shati la yule mwalimu, na mdomo wake ukakauka kuliko udongo wa Kingori.

"Ni mimi," alisema. "Jana na leo. Nilimwamuru, kama polisi. Yeye hakutaka."

"Iandike hiyo."

Aliandika. Mkono ulitetemeka na safari hii hakuuficha. Akatia sahihi. Mgeni alisoma ukurasa wote, akaukunja, akautia mfuko wa ndani.

"Basi mzee alikuwa anafuata amri ya serikali," alisema. "Hana makosa. Tutamwacha."

Mbaabu alishusha pumzi, na alikuwa bado anaishusha mgeni alipomshika kiwiko kwa upole.

"Chukua koti yako. Nairobi kuna baridi siku hizi."

Koti lilikuwa nyuma ya nyumba ya Kingori, juu ya kuni. Mbaabu alisema hana. Walitoka pamoja, na mmoja wa wale wawili akamfungulia mlango wa nyuma wa gari.

"Afande, wacha niende nimwambie mzee inatosha. Nilimwambia asinyamaze mpaka nimfikie."

Mgeni aligeuka akatazama dirisha la pembeni.

"Mwache," alisema. "Hamsumbui mtu."

Gari liligeuza uso kuelekea barabara ya Nyeri. Nyuma yake, kwenye ofisi, majina ya wakulima yalikaa imara kwenye skrini, na mzee Kingori, sauti imeanza kumkauka, alimwuliza tena kipofu wa Lusaka kama kwao mvua imenyesha, akitupa jicho mlangoni kila baada ya neno.